Usiwaite Wadudu

Wakesho mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, umenuna, unapanga na kupangua sanduku. Nasikia zipu ikifungwa, kimya kidogo, halafu zipu inafunguliwa tena. Baba yako yuko sebuleni na mizani ya bafuni miguuni, anangoja umwite akupimie mzigo. Mimi niko jikoni. Nimewaambia naandika ripoti ya kazi, nanyi mmeniamini kwa sababu nimevaa miwani. Si ripoti. Nakuandikia wewe, maana tangu Jumapili nikikuuliza jambo unanijibu kwa neno moja, tena la Kizungu, na kesho asubuhi unapanda ndege.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisoma polepole, ukitembeza kidole chini ya mstari kama ulivyofanya na kitabu cha nyimbo cha nyanya yako. Vizuri. Nataka usome polepole. Ningekuandikia kwa Kiingereza ungemaliza kwa pumzi moja, ukakunja karatasi, ukarudisha vile vidude vyako masikioni.

Habari za soksi, dawa ya kikohozi na kula vizuri sitazirudia. Nimezisema hadi mimi mwenyewe zimenichosha, na umeshanijulisha kwamba meli ina mpishi. Nataka tuongee mengine, na kwa kuwa wewe huongei, nitaongea peke yangu.

Kwanza kuna hili la ncha ya dunia.

Uliponiambia umepata nafasi ya kwenda na meli kwenye barafu, kuchunguza viumbe wanaoishi chini kabisa ya bahari, tulikuwa bado tumefungiwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa nimetoka kazini, masikio yanauma kwa kamba za barakoa, na wewe unaongea kile Kiingereza chenu cha kumeza nusu ya neno. Nikasikia Antaktika. Mwanangu, nilifurahi. Antaktika naijua. Iko hapo chini ya Tasmania, kusini mwa hii Australia yetu, na kwenye televisheni nimeziona meli zake zikiondoka Hobart. Nikapiga hesabu moyoni kwamba hata likitokea la kutokea, mimi na baba yako tunaingia garini, tunavuka na feri, tunakusubiri bandarini. Nikakubariki papo hapo. Nikakushika kichwa nikaomba, nikapika pilau siku ya kazi, nikampigia Mama Kanini wa kikundi cha maombi nikamwambia si mbali.

Halafu ikaja tiketi. Doha, Oslo, na mji mwingine ambao hadi leo siwezi kuutamka. Nikakuuliza kwa nini mtu aende Antaktika kwa kupitia Norwei. Ulicheka hadi ukakaa sakafuni. "Arctic, Mum," ukasema. "The other one."

Ile nyingine. Ulisema hivyo kama mtu anayenielekeza duka la pili la mkate. Miaka miwili, mwisho kabisa wa upande ule mwingine wa dunia, na mimi nilikuwa nimeshatoa baraka, na sijui mzazi huzirudishaje.

Tangu siku ile umeniona mkali, ukadhani naogopa baridi. Baridi dawa yake ni koti. Kilichonikasirisha ni pale ulipoeleza kwamba mkifika kule juu kabisa mtandao ni wa shida, na ujumbe hupita siku unapotaka wenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kugonga sufuria.

Wewe ulikuwepo nyanya yako alipofariki. Mipaka ilikuwa imefungwa. Mtu alihitaji ruhusa ili atoke katika nchi ambayo pasipoti yake anayo mkononi, na akishatoka hakuna aliyejua atarudi lini. Kule kazini, kwenye nyumba ya wazee, wauguzi tulikuwa wachache, wazee wamefungiwa vyumbani, jamaa zao wanawapungia mkono dirishani. Nikabaki. Mazishi niliyatazama kwa simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari, na binamu yangu kule kwetu Wundanyi alishika simu yake vibaya, tukaona turubai zaidi kuliko tulivyoona jeneza. Unakumbuka. Ulikaa nami hapa mezani hadi mwisho, ukanishika mkono, ukasema, "Pole, Mama." Hukusema Mum. Ulisema Mama, na nililisikia hata katika hali ile.

Kuna jambo moja sikukwambia. Mara ya mwisho kuongea na nyanya yako mtandao ulikuwa mbovu. Mazungumzo yetu yote yalikuwa hallo, wanisikia, nakusikia, wewe wanisikia, hallo. Tukaendelea hivyo hadi nikachoka, nikasema nitapiga kesho ukitulia. Hakukuwa na ugomvi wala ubaya wowote. Ulikuwa mtandao tu. Lakini maneno ya mwisho niliyo nayo ya mama yangu ni yeye kuniuliza kama namsikia. Kwa hivyo ukiniambia meli haina mtandao, usidhani mimi nasikia habari za mitambo.

Sasa tuje kwenye wadudu.

Najua. Usiwaite wadudu. Nimekusikia miezi yote ile, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa yetu hapa Ingleburn, kusini-magharibi mwa Sydney, kuona nani ametoka nje, na wewe umehamishia chuo chako chote kwenye meza hii ninayoandikia. Mwalimu wako alikuwa amekutumia picha zilizopigwa na kamera iliyoteremshwa hadi sakafu ya bahari, na kazi yako ilikuwa kutazama kila picha na kuweka alama juu ya kila kiumbe. Mimi nikirudi kutoka kazini Campbelltown navua nguo za kazi gereji, naoga, halafu nakaa kando yako na chai yangu. Nilidhani nitaona mambo ya televisheni, samaki wa kila rangi. Nikaona tope. Tope la kijivu, picha baada ya picha, na wewe unalisifu.

Ulinivumilia, hilo nakupa. Ulinionyesha mikono myembamba iliyotokeza kwenye tope, ukasema ni ya aina fulani ya nyota, nami nikakwambia Mombasa nilikosomea unesi nyota wa bahari huitwa kiti cha pweza. Ulinionyesha minyoo inayojijengea nyumba za mirija, na kombe waliojizika, na uduvi, na jongoo bahari mmoja mnene amelala kama mtu aliyeshiba. Nami kila nilipojaribu kukuonyesha mmoja niliyemgundua, lilikuwa jiwe. Siku nyingine nikaona doa kwenye kioo cha kompyuta, nikachukua kitambaa na dawa ya kuua viini, nikalisugua kwa nguvu zangu zote. Halikutoka. Ukaniambia namsugua buibui wa baharini.

Nikasema kama ni buibui basi ni mdudu. Ukasema huyo si buibui wa kweli. Nikasema na huyu jongoo je, hata Kiswahili chenyewe kimemwita jongoo, na jongoo ni mdudu tangu mimi niko mtoto. Ukashika kichwa kwa mikono miwili. "They're not bugs, Mum."

Kwetu, mwanangu, kila kitu kidogo kinachotambaa na hakiingii sufuriani ni mdudu. Kinachouma ni mdudu, kinachotoboa mahindi ni mdudu, na ugonjwa ukimwingia mtu tunasema ana mdudu. Neno ni moja na kazi zake ni nyingi. Hapo ndipo lilipotuponza.

Kabla sijafika huko, nikwambie jambo la siku ile niliyokuuliza kuna haja gani ya kuhesabu vitu ambavyo havijui kama vinahesabiwa. Ulifunga kompyuta kidogo ukanieleza. Ukasema barafu inapungua na maji yanapata joto, na samaki wanaweza kuhama, lakini wengi wa hawa wa topeni hawana pa kwenda. Ndiyo maana meli inakwenda, mnateremsha chombo cha chuma kinachouma tope, mnalipandisha, mnalichekecha, mnaokota kilichobaki kwa kibano, kila mmoja mnampa jina lake. Halafu mwaka mwingine mnarudi palepale kuona nani yupo na nani hayupo.

Niliinamia kikombe changu, ukadhani nimesinzia. Nilikuwa nafikiria kazi yangu. Zamu ikianza, kabla ya dawa na kabla ya chai, mimi hupita mlango kwa mlango kuwaona wazee wangu, nani yupo. Katika mwaka huu kuna milango niliyofungua nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Nilielewa kazi yako yote siku ile, Wakesho. Niliielewa vizuri kuliko unavyofikiri, na nilichokwambia ni kwamba ukimaliza utoe vikombe mezani. Inaniudhi hadi sasa. Ningesema nilichokuwa nacho moyoni, pengine haya ya Jumapili yasingetokea.

Kikundi chetu cha maombi unakijua. Wakenya wa Blacktown, Wakongo wa Doonside, sisi wa huku kusini, kila mtu na lugha ya kwao, na Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja. Tangu korona iingie tunaombea kwenye kompyuta. Katika miezi ile ya kufungiwa Mama Kanini, ambaye ndiye anayetuongoza, aliniuliza Wakesho anasomea nini siku hizi. Nikamjibu kama nilivyozoea, anasomea wadudu.

"Hawa wadudu wa korona?" akauliza.

Na mimi, badala ya kusema hapana, nikasema, "Wadudu kwa jumla."

Kwa jumla! Mtu mzima mwenye akili zake. Wiki hii yote nikiosha vyombo nalirudia hilo neno, na kila nikilirudia nataka kujizaba kofi. Sikusema uongo, ndivyo nilivyojiambia. Nililiacha neno lisimame lilipoangukia, kwa sababu liliangukia pazuri.

Halafu likaanza kunisaidia. Wakati ule kila mmoja alikuwa ametumiwa video fulani kuhusu chanjo. Huyu anasema itaua uzazi, yule anasema kuna kitu kimefichwa ndani. Mimi nesi, nawachoma watu sindano miaka yote hii, nilieleza hadi koo likakauka. Wakaniambia Mama Wakesho, wewe kazi imekulazimisha, utasema nini tena. Siku moja kwa kuchoka nikasema, mbona hata Wakesho amechanjwa. Halafu wakaanza kuuliza maswali ya maana, na mimi nikaona mlango uko wazi, nikapita nao wote. Ikawa Wakesho amesema hivi, Wakesho amesema vile. Ukweli ni kwamba ulisema mara moja tu, hapa mezani, bila kuinua macho kwenye tope lako, kwamba watu wachanjwe tu yaishe. Nililitumia hilo neno kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi. Hukukaa sana ukawa si Wakesho tena, ukawa daktari.

Nikwambie pia kwamba walichanjwa, na sijutii hata mmoja wao. Hilo utaniwia radhi.

Jumapili wakataka kukuaga na kukuombea safari. Nilijua nimekaa juu ya moto, lakini nikajipa moyo kwamba watu wataomba, wataimba, wataaga. Sikumkumbuka Baba Furaha. Unamjua, yule wa Doonside anayefanya kazi ya kupanga mizigo ghalani, ambaye hufunga tai hata kwa maombi ya kompyuta. Alisimama, tukaona tai tu bila kichwa, akaanza.

"Docteur Wakesho, aksanti sana. Mimi na bibi yangu tulikuwa tunaogopa ile vaccin. Lakini mama yako alisema wewe unajua ile mududu muzuri sana. Tukaenda. Leo tuko hapa juu yako."

Ulinigeukia. Halafu ukaigeukia kompyuta, ukamjibu kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele. "Baba Furaha, I count worms. At the bottom of the sea. I don't know anything about vaccines."

Mahali fulani mtoto akauliza kwa sauti worms ni nini. Mama Kanini, Mungu ambariki, akasema tufumbe macho tuombe, na tulipofumbua macho wewe hukuwepo.

Nilikufuata kwenye korido. Baba yako alikuwa ameanza kutafuta rimoti ambayo alikuwa ameikalia. Uliniambia kwa Kiingereza kwamba ninaionea haya kazi yako. Ningesema hapana, maana hapana ndiyo ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimeaibika mbele ya watu, na nikiaibika mdomo wangu hutangulia.

"Ulitaka niwaambie nilivuka bahari na wewe mgongoni ili uje uhesabu minyoo?"

Nimeliandika hapa kama nilivyolisema, nisije nikalipunguza. Ukaingia chumbani. Tangu hapo ni yes, no, fine.

Kuna jambo nataka ulijue, na si kwa kujitetea. Tulipofika nchi hii, wewe wa kubebwa, vyeti vyangu vya unesi vilikuwa bado havijakubaliwa. Nilipata kazi ya kusafisha vyumba katika nyumba ya wazee. Nyanya yako aliponiuliza nafanya nini nikasema niko na wagonjwa. Ilikuwa kweli, nilikuwa nao, wao kitandani na mimi na deki. Yeye akalipeleka hilo neno kanisani, na likatoka kanisani limenenepa. Kufikia Krismasi nilikuwa naongoza hospitali.

Siku moja mtu wa kwetu akaja Sydney na bahasha kubwa ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na picha ya eksirei ya mgongo wa jirani yetu mmoja, mzee wa watu, pamoja na ujumbe kwamba daktari nitazame nimwambie shida yake iko wapi. Nilikwenda nayo kazini, nikaisimamisha dirishani, ndoo ya deki kando yangu, nikautazama ule uti wa mgongo. Sikuona lolote zaidi ya mifupa. Nikampigia mzee, nikamwambia aende hospitali ya karibu. Akafurahi sana. Baadaye nikasikia alikuwa akiwaambia madaktari wa pale kwamba ametumwa na daktari wa ng'ambo.

Nilicheka hadi machozi. Halafu machozi yakaendelea na kicheko kikaisha. Nilikuwa nimechoka, Wakesho. Mikono ilikuwa inachubuka kwa dawa za kusafishia, na kwetu kote hakukuwa na hata mtu mmoja wa kunipa pole, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nadeki. Wote walikuwa wananiombea niongoze hospitali vizuri.

Na nimekufanyia wewe vilevile. Ungeondoka kesho kikundi kizima kikikuombea ushinde korona, na wewe uko juu ya sitaha, vidole vimekufa ganzi, unaokota uduvi kwa kibano. Nani angekuombea vidole? Hilo limenijia leo nikikata vitunguu, na sijui kwa nini halikunijia mapema. Ubongo wangu una tabia ya kufika wageni wakishaondoka.

Nimesimama kidogo, nikafanya jambo. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, kwa hiyo nadhani umesikia, lakini nitaandika ili ubaki nalo.

Nimechukua simu nikarekodi ujumbe wa sauti kwa kikundi chote. Nilitafuta neno la shule, lile la kitabu cha sayansi, nikalipata limelala mahali lilipokuwa tangu darasa la tano. Nikasema, "Ndugu zangu, nataka kujisahihisha. Wakesho hasomei korona wala ugonjwa mwingine. Anasomea wanyama wasio na uti wa mgongo, wanaoishi chini ya bahari kule Aktiki. Aktiki, si Antaktika. Mimi ndiye niliyewaacha mkakosea, yeye hana makosa."

Sijaiweka simu chini, Mama Kanini akapiga.

"Kumbe ni ile homa ya uti wa mgongo," akasema. "Maskini, hiyo nayo ni mbaya sana."

Nilifumba macho. Mlango ulikuwa wazi tena, mwanangu, tena mpana kuliko wa kwanza. Homa ya uti wa mgongo! Ugonjwa wenye heshima zake. Ningesema tu uti wa mgongo kwa jumla, nikaaga, nikalala. Badala yake nikakaa kwenye kiti nikaanza mwanzo. Nikamweleza minyoo, nikamweleza kombe na jongoo bahari na lile tope. Nikamweleza chombo cha kuuma tope na chekecheo na kibano. Alisikiliza yote, halafu akaniuliza swali nililokuuliza mimi, kwamba faida yake ni nini sasa. Nikamwambia ni kama mimi ninavyopita vyumbani zamu ikianza. Anakwenda kuona nani yupo.

Naye pia hufanya kazi na wazee, kule Blacktown, na yeye pia mwaka huu ameona vitanda. Akasema basi, Jumapili tutamwombea meli.

Nikamkumbusha na vidole.

Halafu ukaingia ujumbe wa sauti wa Baba Furaha, nami nikaupiga kwa sauti kubwa makusudi, nikiwa nimeelekeza simu upande wa chumba chako.

"Mama Wakesho, hakuna shida. Vaccin iko mu mwili tayari, haiwezi kutoka. Ambia docteur aende na Mungu. Ahesabu ile nyama yote ya mu mayi, asisahau hata moja."

Nyama yote ya mu mayi. Kwao nyama ni mnyama na mayi ni maji, nimeshakueleza, lakini nilikuona akilini umesimama juu ya barafu unahesabu nusu kilo nusu kilo, nami nikashindwa. Na nikasikia upande wa pili wa ukuta umeshindwa pia. Ulicheka kile kicheko chako cha puani, cha mtu anayejizuia kwa sababu amenuna. Nilikaa nikikisikiliza hadi kikaisha.

Na sasa hivi, nikiwa nimefika mstari huu, umefungua mlango. Nimefunika karatasi kwa kibao cha mkate. Hukuniuliza naandika nini. Umesimama hapo na soksi mguu mmoja, umesema, "Mama, chai iko?"

Iko. Imejaa. Nimekwambia ukae, ukasema unamalizia sanduku kwanza, unakuja. Kwa hiyo nina dakika chache tu za kufunga barua hii na kuificha ndani ya kile kiatu chako kikubwa cha baridi, mahali ambapo hutaingiza mguu hadi ufike huko.

Sitakuomba msamaha kwa karatasi. Nitakuomba hapa mezani, ukija, kwa mdomo ule ule uliokosea, na kama nitashindwa basi hii karatasi ishike nafasi. Nakupenda, na kazi yako nimeielewa, na inaniuma kwamba unakwenda mbali hivyo. Yote matatu ni kweli na hakuna moja linalofuta lingine.

Nenda, mwanangu, kawahesabu wadudu wako.

Nimesema wadudu makusudi. Siku mtandao ukipita, hata kama ni ule wa hallo wanisikia, nipigie unisahihishe.

Mama